Shuka Garini Ule: Masurufu ya Njia ya Kabale

Mwaka wa kwanza tulipokwenda Kabale, kusini-magharibi mwa Uganda, kwa gari letu wenyewe, watu watano, tulikula njiani shilingi za Uganda 181,000. Nakumbuka vizuri kwa sababu niliiandika hesabu ile usiku ule ule nyuma ya risiti ya mafuta, nimekaa kitandani kwa mama mkwe, blanketi mbili miguuni, moyo umenishuka. Kuku wa kijiti vipande vitano, 50,000. Nyama vijiti sita, 18,000. Gonja, yaani ndizi za kuchoma, 6,000. Soda na maji, 17,000. Halafu Mbarara, watoto wamechoka na kila mtu amenuna, tukaingia mkahawa wenye viti vya ngozi tukala chipsi na kuku, 90,000. Na bado kitinda mimba wangu alifika kwa bibi yake akilia njaa.

Desemba iliyopita tulipita njia ile ile, watu wale wale, na watoto sasa ni wakubwa na wanakula kama watu wazima. Tulitumia 51,000. Hatukujinyima. Tulikula mara mbili chakula cha moto kilichopikwa siku hiyo, tukanywa maziwa, tukatafuna karanga, na tulipofika Kabale hakuna aliyelia.

Mimi ni mtu wa Mombasa niliyeolewa na Mkiga, na makazi yetu ni Kampala. Kutoka hapa hadi Kabale ni kilomita zipatazo 410. Ukinaswa na foleni ya Busega asubuhi, safari inameza siku nzima. Nyumbani kwetu mama yangu hakumruhusu mtu kupanda gari bila masurufu. Neno hilo naona vijana wengi hawalitumii tena, nami nalipenda kwa sababu linabeba chakula cha njiani na hela ya chakula hicho kwa pamoja, kama vile ni kitu kimoja. Kwa mama, masurufu yalikuwa mahamri, katlesi, mayai ya kuchemsha na chupa ya chai ya tangawizi, hata kama mtu anakwenda Malindi tu.

Basi baada ya aibu ya ile 181,000 nikajiambia nitafanya kama mama. Nikaamka saa nane za usiku, nikakaanga katlesi, nikachoma mahamri, nikafunga kila kitu kwenye hotipoti mbili. Tulipofika Masaka vyote vimekwisha. Watoto wa garini hula kwa uchovu wa kukaa, njaa ama hakuna njaa, na hotipoti iliyo karibu na mkono haifiki mbali. Mimi nilikuwa nasinzia kwenye kiti. Na nilipokaa kupiga hesabu ya nyama ya kusaga, mayai, mafuta na unga, nikakuta nimetumia karibu sawa na mtu aliyekula hotelini mara mbili. Mama alikuwa akisafiri saa tatu. Sisi tunasafiri saa kumi. Masurufu ya Malindi hayawezi kuwa masurufu ya Kabale.

Kilichonifungua macho ni mpira wa rejeta. Tulikuwa tunarudi, mpira ukapasuka tukakaribia Lyantonde, tukajikokota mpaka mjini. Lyantonde ni mji wa malori. Ule ni mfululizo wa njia inayotoka Mombasa, ikavuka Malaba, ikapita Kampala, ikaenda Katuna na kuingia Rwanda, na madereva wake wengi lugha yao ya kazi ni Kiswahili. Fundi akaanza kazi, mume wangu akasimama naye, nami nikatafuta kivuli na watoto. Mbele ya kibanda kimoja cha mabati kulikuwa na malori manne yamepaki, na ndani madereva wanakula. Nikasikia mtu anaagiza chumvi kwa lafudhi ya kwetu. Nikamwamkia.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Wewe wa wapi?"

"Kibokoni."

Akacheka, akasogeza sahani yake watoto wapate pa kukaa. Yeye alikuwa wa Changamwe, nywele zote nyeupe, na alisema ameendesha njia ile tangu ujana wake. Nikamweleza habari za rejeta, na kwa kuwa mtu wa kwenu ukimpata ugenini unamwambia yote, nikamweleza na ile hesabu ya 181,000. Akaisikiliza kwa makini sana. Halafu akaniuliza swali moja: vile vitu nilinunua nimekaa wapi?

Nikamwambia, garini.

"Ndiyo hivyo, mwanangu. Dirishani hununui chakula. Wanunua haraka."

Nimelifikiria neno lile mara nyingi tangu siku hiyo, na kila nikilifikiria naona lina ukweli zaidi ya nilivyolisikia mara ya kwanza. Mtu yeyote aliyesafiri Uganda anajua masoko ya barabarani. Ukienda Jinja kuna Namawojjolo, na mbele yake Najjembe kwenye msitu wa Mabira. Ukienda Masaka kuna Lukaya. Gari likipunguza mwendo tu, wauzaji wanakimbia, koti zina namba mgongoni, mikononi vijiti vya kuku, vya nyama, vya maini, gonja iliyochomwa, chupa za maji. Kabla hujafungua kioo vizuri kuku ishaingia ndani. "Mama, kuku iko! Gonja iko moto!" Ni biashara ya ajabu na ya jasho, na ilizaliwa kwa ajili ya abiria wa basi. Basi halingoji. Abiria ana dakika mbili na hawezi kushuka, kwa hiyo chakula chote kimeundwa kiweze kupita dirishani: kina kijiti, hakina sahani, hakina mchuzi, kinaliwa kwa mkono mmoja. Ni nyama tupu, kwa sababu nyama ndiyo inayokaa kwenye kijiti. Na nyama ndiyo ghali.

Mimi nilikuwa na gari langu. Nilikuwa na uhuru wa kusimama popote, kuvuka barabara, kukaa kwenye benchi, kuuliza kuna nini jikoni. Nikaununua mlo wa mtu asiye na uhuru huo, kwa bei yake.

Tangu siku ile kanuni ya nyumbani kwetu ni moja: injini ikizimwa, watu wote wanashuka. Asiyeshuka hali.

Ukishuka, utaona kwamba nyuma ya safu ya wauzaji wa vijiti kuna watu wengine wanaokula, nao ni wauzaji wenyewe, mafundi, watu wa bodaboda, wanafunzi. Wale hawali kuku wa 10,000 kila siku. Hapo Lukaya tunafika kwenye saa tatu kasoro asubuhi, tukitoka Kampala saa kumi na mbili na nusu, na saa hiyo kuna katogo. Kwa asiyeijua: ni matoke yaliyomenywa yakapikwa ndani ya sufuria moja pamoja na matumbo, au maharage, au karanga, mpaka mchuzi unaingia ndani ya ndizi. Ni chakula cha asubuhi cha kweli, kizito, kinamshika mtu mpaka adhuhuri. Ya maharage na ya karanga ni rahisi kuliko ya matumbo, na watoto wangu wanaipenda ya karanga kuliko zote. Mara ya mwisho tulichukua sahani nne kwa watu watano, 4,000 kila moja, 16,000 jumla. Chai ilikuwa yetu, kutoka kwenye chupa. Hakuna aliyenikataza kunywa chai yangu kwenye benchi lao. Niliomba kwanza, mama mwenye kibanda akaleta na vikombe.

Katogo ina saa yake. Ukifika saa tano utakuta sufuria inaoshwa, au utapewa iliyobaki chini, imekauka na kuungua. Chakula cha mchana nacho, posho (ndiyo ugali wa huku), wali, matoke, mchuzi, huwa tayari karibu saa sita, na saa sita mpaka saa nane ndio wakati wa kukila. Saa kumi kimeshapashwa moto. Naona watu wengi hupanga safari kwa kuangalia foleni na polisi, wakaacha tumbo lijipange lenyewe, na tumbo likiachwa hivyo huamua saa mbaya kabisa: saa tisa, mahali ambapo jikoni kumepoa na kilichobaki ni mkahawa wa bei kubwa kwenye kituo cha mafuta. Sisi tunapanga kinyume. Lukaya kwa katogo, Lyantonde kwa mchana, na foleni ya Busega inavumiliwa kwa ajili hiyo.

Sasa habari ya sahani ya mchana, ambayo ilinichukua miaka kuielewa. Mtu wa pwani akiingia hoteli anauliza wali ni bei gani, biriani bei gani. Uganda hapana. Hapa, mhudumu anakuuliza mchuzi gani. Ukitaja mchuzi, "chakula" kinakuja chenyewe, na chakula maana yake ni vile vya wanga vyote vilivyopo: kijiko cha matoke, kipande cha posho, wali kidogo, kiazi kitamu, boga, labda magimbi, vyote kwenye sahani moja. Bei iko kwenye mchuzi. Maharage na binyebwa, yaani mchuzi wa karanga zilizosagwa wenye rangi ya waridi iliyopauka, ndiyo ya chini. Nyama inapanda, samaki anapanda, kuku ndiye juu kabisa. Matoke yale yale, posho ile ile.

Ukishalijua hilo, familia inakula kwa akili. Lyantonde tunaagiza mchuzi mmoja wa nyama, miwili ya binyebwa, mmoja wa maharage, sahani nne, tunaziweka katikati ya meza, kila mtu anachovya anapotaka. Safari ile ilikuwa 8,000 kwa nyama, 5,000 kwa kila binyebwa, 4,000 kwa maharage: 22,000. Chakula kikibaki, na hubaki, kinaingia kwenye hotipoti tupu niliyotoka nayo nyumbani. Ndiyo, hotipoti sasa inatoka Kampala tupu. Pamoja nayo kuna mtungi wa lita kumi wa maji yaliyochemshwa, chupa ya chai, vikombe, vijiko, chumvi, kisu, sabuni. Basi. Maji peke yake, kuyabeba kutoka nyumbani, yametupunguzia zaidi ya 10,000 kila safari, na hakuna kitu kingine ninachobeba kinacholipa kiasi hicho kwa kazi ndogo namna hiyo.

Swali la nyama kwetu sisi Waislamu ni lazima niliseme, kwa sababu wasomaji wengi wa pwani wakija huku huniandikia kuhusu hilo kuliko jingine lolote. Uliza tu. Uliza kwa adabu, imechinjwa na nani. Sijawahi kuona mtu akikasirika. Kuna vibanda vyenye kibao cha halali mlangoni, na kwenye miji ya malori utavipata vingi kwa kuwa madereva wengi wana swali lile lile. Pasipo na jibu la kuridhisha, binyebwa haina mchinjaji, na ni tamu kushinda nyama nyingi nilizokula.

Nilijifunza kwa maumivu pia. Kuna mahali, sitapataja, ambapo tulinunua kuku dirishani jioni, tukiwa tunarudi. Kuku yule alikuwa amechomwa asubuhi, akapoa, akarudishwa motoni nusu saa kabla yetu. Nje amewaka, ndani vuguvugu. Usiku huo mwanangu wa pili alitapika mpaka nikaogopa, na siku mbili zilizofuata tulikuwa zahanati. Dawa na damu kupimwa vilizidi bei ya chakula cha safari nzima. Tangu hapo ninataka kukiona kitu kikiiva. Mchuzi unaochemka, chapati inayogeuzwa, gonja inayotolewa kwenye makaa. Matunda ninayamenya mwenyewe kwa kisu changu. Kipande cha nanasi kilichokatwa kikakaa juani na inzi sikinunui hata kiwe cha bure, ingawa nanasi zima nanunua, na ukipita njia ya Luweero ununue mawili.

Kitu kimoja kinachopita mtihani huo kila mara ni rolex. Nimesimama kuitazama mara nyingi kiasi kwamba ningeweza kuichora. Kijana ana meza ya mbao, kioo kidogo cha kufunika mayai na nyanya, na chini sigiri ya makaa yenye chuma bapa cheusi juu yake. Anavunja mayai mawili ndani ya kikombe cha plastiki, ukingo wa yai unagongwa mara moja tu. Kabichi anaikata nyembamba kama uzi akiwa ameishika mkononi, bila ubao, kisu kinakuja kuelekea kidole gumba na kusimama kabla hakijagusa. Kitunguu vivyo hivyo. Chumvi anachota kwa vidole vitatu. Anapiga kwa kijiko, kikombe kinalia, anamimina, na mlio wa mafuta unakuambia kama chuma kimepata moto wa kutosha. Kabla yai halijashika juu, chapati inawekwa, inabonyezwa kwa kiganja, inageuzwa. Sasa yai liko juu, la manjano lenye nyuzi za kabichi, anapanga vipande vya nyanya mbichi, anaviringisha. Dakika nne. Jina lake halihusiani na saa ya Uswisi. Ni maneno ya Kiingereza ya mayai yaliyoviringishwa, yakasemwa harakaharaka mpaka yakawa neno jipya. Wandegeya, karibu na Chuo Kikuu cha Makerere, wanafunzi ndio walioikuza, na leo hakuna mji Uganda usio nayo.

Rolex moja inamtosha mtoto wa miaka kumi. Mbili zikikatwa nusu nusu, na parachichi moja lililopondwa na chumvi, zinatosha watu wanne mpaka kituo kinachofuata. Nampa kijana hotipoti aziweke humo, kwa sababu sipendi chakula cha moto kifungwe kwenye kaveera, ule mfuko mwembamba wa plastiki unaoanza kulainika kabla hujafika garini. Karatasi ya gazeti nayo wino wake unahamia kwenye chapati. Sahani yako mwenyewe haina gharama.

Chini ya rolex kuna kikomando, chapati iliyokatwa vipande ikamwagiwa maharage, chakula cha vijana wasio na hela. Nilikuwa naipita. Mwezi Mei 2023 mafuriko yalipolivunja daraja la Katonga kwenye barabara ya Masaka, magari yote ya kusini-magharibi yakageuziwa Mpigi, yakapita Gomba na Sembabule, yakatokea Villa Maria. Tulikuwa na msiba Kabale, hatukuweza kuahirisha. Barabara ile ndogo ilikuwa imejaa malori na mabasi, vumbi, watu hawajui wako wapi. Hakuna Lukaya, hakuna mipango yangu ya katogo. Tukakwama kwenye kijiji ambacho jina lake sikulishika, na kilichokuwepo ni mahindi ya kuchoma na kijana mmoja mwenye sufuria ya maharage na rundo la chapati. Alikuwa akikatakata bila kupumzika, foleni ya watu wa kila aina mbele yake, mwanamke wa gomesi ya hariri nyuma ya turnboi wa lori. Nikala kikomando nimesimama, kwa bakuli la kuazima. Maharage yale yalikuwa yamepikwa polepole mpaka yamekuwa uji, na chapati imeyanywa. Tangu hapo kimo kwenye orodha yetu.

Siku zile niliwaza sana watu wa Lukaya. Barabara imekufa, na wao wamesimama na vijiti. Tulipopita tena baada ya njia kufunguliwa, mama wa katogo aliniambia wengine walirudi shamba, wengine walikopa hawajamaliza kulipa. Kwa hiyo nataka nieleweke ninaposema kula kwa bei nafuu. Sisemi ukamkabe koo mwanamke aliyekimbia na gari lako akiwa na sinia kichwani, umpunguzie mia tano. Nimewaona watu wenye magari makubwa wakifanya hivyo, mkono umeshika nyama tayari, gari linasogea. Inaniuma. Mtu yule anafanya kazi kati ya magurudumu. Nikinunua kwake, na bado nanunua gonja kwake mara kwa mara, nalipa anachosema. Unafuu wetu unatoka kwenye kuchagua chakula na saa, na kwenye kushuka. Hautoki mfukoni mwake.

Gonja yenyewe inastahili neno. Ni ndizi ndefu iliyoiva mpaka ganda limeanza madoadoa meusi, ikamenywa, ikachomwa polepole pembeni ya makaa. Ikiwa nzuri, nje ina ngozi ya kahawia inayong'aa, na ukiivunja mvuke unatoka, ndani ya rangi ya dhahabu, tamu bila kitu. Ibonyeze kidogo kabla hujalipa. Iliyokaa huwa ngumu kama kamba.

Mbarara tunafika saa nane, tumeshiba. Ule mkahawa wa viti vya ngozi tunaupita. Ankole ni nchi ya ng'ombe, na mjini kuna maduka madogo ya maziwa yenye mapipa ya chuma yanayong'aa, ambako unauziwa maziwa ya moto kwa kikombe, au bongo, maziwa yaliyoganda ambayo sisi tungeyaita maziwa lala, mazito ya kushikwa na kijiko. Vikombe vitano, 6,000. Ndizi mbivu kishada kizima kando ya njia, 5,000, karanga za kukaanga 2,000. Ukijumlisha yote unapata ile 51,000. Kutoka hapo kwenda Ntungamo na kupanda milima ya Kigezi hatununui kitu tena, kwa makusudi. Mama mkwe amepika. Viazi vya Kabale, maharage, mboga, na bushera, kinywaji cha mtama, kwa mume wangu. Kufika kwake mtu ameshiba kuku wa njiani ni kumvunjia heshima, na mwaka ule wa kwanza ndivyo tulivyofanya. Sisi watu wazima tulidonoa donoa, yeye akanyamaza, akafunika sufuria.

Kurudi ni rahisi zaidi kwa sababu yeye ndiye anayefunga masurufu. Hotipoti tupu inajazwa viazi vilivyochemshwa na maganda yake. Vya Kabale huwa vya unga, vinapasuka ngozi vyenyewe, na chumvi tu vinatosha mpaka Lyantonde. Anaweka pia mahindi mabichi na kabichi buti zima.

Na mwisho wa njia, tukivuka Katonga, tunanunua samaki. Vijana wamesimama wamewainua, ngege wamefungwa kwa kamba mdomoni, wanne au watano pamoja. Tunashuka hapo pia. Naangalia jicho na kufunua shavu nione wekundu wake, mume wangu anapatana bei, halafu tunafanya kama wafanyavyo watu wote wa njia hii: samaki wanafungwa mbele ya gari, kwenye wavu wa rejeta, wapate upepo na harufu isiingie ndani. Wageni hupiga picha. Tukifika Kampala, taa za barabara zimeshawaka, kitinda mimba ndiye anayekwenda kuwafungua. Anapiga magoti mbele ya taa za gari, analegeza fundo kwa meno, anawaleta jikoni amewanyanyua kwa mikono miwili, nami tui la nazi limeshaanza kuchemka.